Mwaka Niliokatazwa Kuitikia

Tulimzika Mwalimu Musyimi kwenye shamba lake nje ya Kitengela, upande ule ambako zamani kulikuwa na nyumbu na sasa kuna mabati na kuta za mawe. Baada ya mazishi Mumbua akatukaribisha kwake tule kabla ya kutawanyika. Sikuwa nimeketi meza moja na Mumbua tangu tulipokuwa wasichana. Ameota mvi, amekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapo hapo mjini, na ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa gwarideni asubuhi. Alitupakulia mwenyewe: wali, mbuzi wa kuchoma, kachumbari, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa zisipoe. Wenzetu wa chuoni walikuwa wakimsifu marehemu, kama inavyopasa siku ya mazishi. Mmoja alisema mzee alikuwa mkali lakini alitutoa mbali. Mwingine akasema bila yeye tungekuwa tunazungumza Kiswahili cha machinjioni hadi leo, na meza nzima ikacheka. Mimi nilitafuna polepole nikitazama sahani yangu. Maneno hayo, Kiswahili cha machinjioni, niliyasikia mara ya kwanza kutoka kinywani mwa marehemu, na siku hiyo alikuwa amenielekezea kidole. Kisha Mumbua akapangusa mikono, akavuta kiti, akasema, "Hebu ngojeni niwaambie vile huyu mzee alinitahini." Nikaweka kijiko chini. Hadithi hiyo naijua. Nilikuwamo.

Lakini siwezi kuwaeleza alivyoisimulia kabla sijaeleza mwaka wenyewe. Ulikuwa ni ule uliofuata mvua za El Nino, wakati barabara za kwetu zilikuwa bado zimechimbika na ng'ombe waliobaki walikuwa wakihesabika kwa macho tu. Nilikuwa nimetoka upande wa Ewuaso Kedong na kupata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu mjini Kajiado. Nilitaka kitu kimoja: kuwa mwalimu wa Kiswahili. Watu walinishangaa. Kimaa, lugha yetu Wamaasai, ndicho nilichozungumza nyumbani, Kiingereza ndicho kilichonipitisha mitihani, na Kiswahili nilikipata sokoni, redioni na kanisani, kipande hapa, kipande pale. Nilikipenda kwa sababu ndicho nilichochagua mwenyewe, bila kuzaliwa nacho wala kulazimishwa. Siku ya kwanza Mwalimu Musyimi, aliyekuwa mkuu wa idara, alitusimamisha mbele ya darasa na kutueleza sharti: mwisho wa mwaka kutakuwa na mtihani wa kuzungumza, na atakayeshindwa hatavuka mwaka wa pili. "Atarudi kwao," alisema. "Nchi hii ina kazi nyingi za watu wasiojua kuongea." Alipolisema hilo macho yake yalikuwa kwa sisi wachache tuliokuwa na masikio yaliyotobolewa.

Sasa nieleze jambo moja taratibu, kwa sababu mambo yote ya mwaka ule yanasimama juu yake. Kwetu, habari huliwa. Mgeni akifika nyumbani hatupiani maneno kama watu wanaorushiana mpira. Anapewa mahali pa kukaa na chai, anapumua, kisha anaanza habari zake tangu alipoondoka: njia ilivyokuwa, nyasi, maji, nani mgonjwa, nani amejifungua. Huanza kwa kusema kwamba huko kote ni salama, hata kama amekuja kuleta msiba. Anayesikiliza ana kazi yake. Kila msemaji anapofika mahali pa kupumua, msikilizaji huitikia, "Ee." Haulizi swali, hamkatizi, hageuki. "Ee" hiyo ni kama mkono unaopokea mzigo kutoka kichwani mwa mwenzako, kidogo kidogo, hadi mzigo uishe. Nyanya yangu, ambaye tulimwita koko, aliweza kula habari za mtu jioni nzima hivyo, na mtu akaondoka mwepesi. Usipoitikia, umemwambia mgeni kwamba maneno yake ni upepo. Mtoto asiyeitikia mkubwa anapozungumza alipigwa kofi kwetu. Ndiyo adabu niliyokwenda nayo chuoni, na sikujua kama ni adabu ya mahali pamoja tu. Nani hujua hilo kabla hajatoka kwao?

Somo la kwanza la Mwalimu Musyimi lilikuwa juu ya historia ya lugha. Alizungumza vizuri, hilo sitamnyima. Alikuwa mwembamba, shati jeupe limefungwa hadi kooni, na kila sentensi aliifunga kama mtu anayefunga kufuli. Alipofika mwisho wa sentensi ya kwanza akapumua, nami nikaitikia, "Ee." Sikulifikiria, lilitoka lenyewe. Akaendelea. Akapumua. "Ee." Mara ya tatu akaweka chaki mezani.

"Nani huyo?"

Darasa likanigeukia. Nikasimama.

"Jina?"

"Nashipae, Mwalimu."

"Tuko kanisa gani hapa, Nashipae? Unaniitikia mahubiri?"

Vicheko vikaanza nyuma. Nilijaribu kueleza. Nilisema kwamba nilikuwa nasikiliza. Neno kusikiliza lilitoka kwa lafudhi ya kwetu, na vicheko vikaongezeka. Hapo ndipo aliponinyooshea kidole. "Mnasikia? Hicho ndicho Kiswahili cha machinjioni. Ng'ombe anasukumwa hivi, 'ee, ee', na mwanadamu naye vivyo hivyo. Msichana, kelele za boma uziache boma. Mimi nikifundisha, mwanafunzi hunyamaza. Toka nje ukajifunze kunyamaza." Nikatoka. Nilisimama kando ya mti wa mkakaya nyuma ya darasa, na kupitia dirishani nikamsikia akiendelea na somo lile lile, sauti ile ile nzuri. Hakukuwa na mtu aliyemwitikia, na sikuelewa ni vipi mtu anaweza kuzungumza muda wote huo ndani ya kimya kama kile bila kuogopa. Kufikia chakula cha mchana jina langu lilikuwa limebadilika. Nilipopita na sahani, mvulana mmoja akasema, "Leteni chumvi, Dada Amina amefika," na meza yake yote ikaitikia, "Aminaaa!"

Tuliishi wawili wawili, na mimi niliwekwa chumba kimoja na Mumbua. Wazazi wake walikuwa wamehama kutoka Ukambani kwenda Kitengela kufuata kazi za viwandani, naye alikulia pale kati ya watu wa kila kabila, kwa hiyo Kiswahili chake kilikwenda mbio. Hakikuwa Kiswahili cha vitabu, lakini hakikusita. Siku ile alinipata nikitundika nguo, akasimama mlangoni, akasema, "Ndio wewe Amina? Sasa mimi nitakaa na wewe aje?" Nikadhani anatania. Hakutania. Jioni hiyo hiyo alifunga kamba kutoka msumari hadi msumari katikati ya chumba na kutundika blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Upande wake ulikuwa na dirisha. Wangu ulikuwa na mlango na taa. Mtu akiniuliza mwaka ule ulifananaje, mimi naona kwanza blanketi lile, na nyuzi zake zilizokuwa zikilegea pembeni, na kivuli cha mtu kikipita nyuma yake bila neno.

Nilikuwa nimekuja na kibuyu cha maziwa ya kuganda. Koko alikuwa amekisafisha mwenyewe kwa kijinga cha mti, ndiyo sababu maziwa yake yana harufu ya moshi ambayo mtu wa kwetu akiisikia hulainika moyo. Nilikificha chini ya kitanda na kunywa kidogo asubuhi. Wiki ya pili nilirudi kutoka darasani nikakikuta nje ya mlango, kinywa chini, na maziwa yamechora mstari mweupe hadi kwenye mtaro. Mumbua alikuwa amelala nyuma ya blanketi lake akisoma.

"Mumbua, nani amemwaga maziwa?"

"Yalikuwa yameoza."

"Hayajaoza. Ndivyo yalivyo."

"Basi kama ndivyo yalivyo, yanywee huko mnakonywea. Hapa ni chuo, Nashipae. Watu wakiingia hapa wanashika pua. Watasema ni mimi."

Nilikiokota kibuyu. Wakati ule nilichukia kila sehemu ya Mumbua, hata miguu yake iliyochungulia chini ya blanketi. Leo naona sentensi ya mwisho kwa namna nyingine: watasema ni mimi. Mumbua naye alikuwa akiogopa. Mwalimu Musyimi alikuwa amekwisha kumrekebisha mara kadhaa mbele ya watu na kumwita msichana wa stendi. Alikuwa amesimama ngazi moja tu juu yangu, na aliyesimama hapo hukanyaga kwa nguvu kuliko aliye juu kabisa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na maziwa ni kitu kingine. Yalimwagika.

Chumba cha walimu kilikuwa karibu na jiko. Siku moja nilitumwa kuchukua chaki, nikafika wakati wa chai ya saa nne, mlango ukiwa wazi kidogo. Nilisikia vikombe, harufu ya mandazi, na sauti ya Mwalimu Musyimi. "Wanaingizwa kwa huruma," alikuwa akisema. "Mtu hajawahi kuongea Kiswahili nyumbani kwao hata siku moja, anakuja kusomea kukifundisha. Atamfundisha nani? Mbuzi?" Watu wakacheka. Kisha sauti ya mwalimu mwingine, yenye utani: "Na wewe Musyimi, kule kwenu milimani mlikuwa mnaongea nini? Kiswahili sanifu?" Vicheko vikakatika. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. "Mimi nilikitafuta," alisema Mwalimu Musyimi. "Hawa wanaletewa." Niligonga mlango, nikachukua chaki, nikasema asante. Hakuna aliyejua niliyoyasikia, na kwa miezi mingi niliyabeba kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kopo: huliangushi, na huwezi kulisahau.

Kwa hiyo nilinyamaza. Nilijifunza kunyamaza vizuri sana, kwa sababu mimi ni mwanafunzi mzuri. Nilikaa mstari wa mbele nikifunga midomo, na kila mwalimu alipopumua nilibana meno ili "ee" isitoke. Na kunyamaza huko kulinifanyia jambo ambalo sikulitarajia: kuliua masikio yangu. Mtu aliyezoea kupokea mzigo kwa mikono miwili, ukimfunga mikono, mzigo unapita. Nilitoka darasani nimeandika kila kitu na sijasikia kitu. Muhula wa pili Mwalimu Musyimi akaanza kulalamikia kimya changu. "Dada yetu huyu amekufa?" aliuliza darasa. "Mtihani wa kuzungumza unakuja, na yeye amekaa kama gunia." Nawaambia hivi wanafunzi wangu wa leo, na nawaambia ninyi mnaosoma: kuna walimu ambao watakufunga kamba kisha wakucheke kwamba hukimbii. Ukikutana na mmoja wao, usimwamini kuhusu miguu yako.

Mtihani ulipofika, akatupanga wawili wawili kwa vyumba. Mumbua aliposoma jina langu kando ya lake kwenye ubao wa matangazo, alikuja chumbani, na kwa mara ya kwanza akalifunua blanketi. "Sikia," alisema. "Mimi nitaongea. Wewe usiniharibie. Nimeshika maneno yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona nimekuangalia, sema kitu chochote kifupi, halafu nitaendelea. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Alikuwa amekariri insha nzima yenye maneno makubwa ya vitabuni, na kwa siku kadhaa nilimsikia akiirudia nyuma ya blanketi hadi mimi pia nikaijua.

Tuliingia asubuhi. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili vinavyotazamana, na Mwalimu Musyimi kando yetu na kalamu yake. Alitupa kikaratasi chenye mada: mgeni amefika kutoka safari, anampa mwenyeji habari. Mumbua awe mgeni, mimi mwenyeji. Nilipoisoma mada ile nilitaka kucheka na kulia pamoja. Mumbua akakohoa, akaanza insha yake. Hakumaliza sentensi ya kwanza. "Anza tena," Mwalimu Musyimi akasema. "Ongea kama mtu, si kama kondakta." Mumbua akaanza tena. "Tena." Nikamwona akifungua mdomo, na insha yote, ile niliyoisikia ikirudiwa mchana na jioni, ikamtoka usoni kama rangi. Kidevu chake kikaanza kutetemeka. Akaniangalia. Nilikuwa nimeambiwa na mwalimu ninyamaze, na Mumbua mwenyewe aliniambia niseme kitu kifupi. Lakini sikufikiria yote hayo. Niliona mgeni aliyekwama na mzigo kichwani.

"Ee," nikamwambia, taratibu, kama koko.

"Nimetoka Kitengela," alisema.

"Ee."

"Barabara ilikuwa matope."

"Ee."

"Tukafika mtoni, na daraja lilikuwa limebebwa na maji."

"Ee."

Na hapo akaanza kuzungumza. Haikuwa insha. Alieleza jinsi kibanda cha shangazi yake kilivyoingiliwa na maji wakati wa mvua zile, jinsi walivyobeba sufuria kichwani, jinsi jirani Mmaasai ambaye hawakumjua jina alivyowapitisha na kamba hadi ng'ambo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kitengela, lakini kilisimama kwa miguu yake. Kila alipopumua, nilipokea. Alipomaliza alikuwa amenyooka mgongo. Sikuwa nimeuliza swali hata moja. Kwetu maswali huja baada ya mgeni kumaliza, na alipomaliza tu, Mwalimu Musyimi akasema muda umekwisha.

Matokeo yalibandikwa wiki ile ile. Mumbua alikuwa amepita vizuri. Mimi nilikuwa nimeshindwa. Nikaenda ofisini kwa Mwalimu Musyimi, nikasimama. Hakuniambia nikae. "Hukuzungumza," alisema bila kuinua kichwa. "Mwenzako amezungumza. Wewe umesema 'ee' kama mtu anayeumwa tumbo. Mwenyeji huuliza maswali. Imo kitabuni." Kisha akaongeza, "Kanuni inaniambia nikupe nafasi nyingine, kwa hiyo nakupa. Wiki ijayo, peke yako, mbele yangu na mtahini wa pili. Utazungumza na hakuna atakayekusaidia. Ukishindwa, ng'ombe wa baba yako wanakungoja."

Nilirudi chumbani mbio. Mumbua alikuwa akipaka mafuta miguuni, na blanketi lilikuwa limefunguliwa nusu. Nilimwomba jambo moja tu: twende pamoja kwa mwalimu, amwambie kwamba nilikuwa nasikiliza, kwamba kuitikia kwangu ndiko kulikomwezesha kuendelea. Alifunga kopo la mafuta.

"Unataka aniite kwa mtihani tena mimi pia?"

"Hawezi kukuita. Umeshapita."

"Nimepita, na sasa niende nimwambie kwamba bila wewe singeweza? Nashipae, wewe si mjinga. Kila mtu na shida zake hapa."

"Mumbua, watanirudisha nyumbani."

"Pole," alisema, na blanketi likafungwa.

Wiki ile nilifanya jambo ambalo hata leo silielewi vizuri. Nilihitaji kujifunza kuzungumza mbele ya mtu asiyeitikia, na mtu wa namna hiyo nilikuwa naye. Kila alasiri, Mumbua alipojilaza, nilivuta kiti changu hadi kwenye blanketi na kuanza. "Nimetoka Ewuaso Kedong," nililiambia blanketi. Kimya. Mara ya kwanza nilisimama hapo hapo, nikasubiri "ee" ambayo haikuja. Nilijaribu tena. Siku ya pili Mumbua akaongeza sauti ya redio. Nikaongeza yangu. Kufikia mwisho wa wiki niliweza kutoa habari ndefu kwa kitambaa cha kijivu chenye mstari mwekundu, bila kupokewa na mtu, na bila kuanguka.

Mtahini wa pili alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mama mnene mwenye miwani, ambaye hakuwa amewahi kunifundisha. Mada haikubadilika, ila sasa mimi ndiye mgeni. Mwalimu Musyimi akaangalia saa, kisha akageuza uso dirishani, kama nilivyojua angefanya. Nikaanza kwa kusema kwamba huko kote ni salama. Nikasema nilitoka nyumbani na kibuyu cha maziwa, nikafika mahali palipo na watu wenye elimu. Nikasema nilipofika niliwapa heshima ninayoijua, nikatolewa nje. Nikasema maziwa yangu yalimwagwa. Nikasema siku moja nilitumwa chaki, nikasimama nje ya mlango wakati wa chai, nikamsikia mtu akiuliza nitamfundisha nani, mbuzi, na wenzake wakacheka. Kalamu ya yule mama ilisimama. Mwalimu Musyimi alibaki ametazama dirishani, lakini nyama ya shavu lake ilikuwa ikicheza. Sikuinua sauti. Nilifunga kila sentensi kama alivyozifunga yeye, na katikati ya sentensi na sentensi niliacha kimya chake kikae mezani mbele yake. Nikamaliza kwa kusema kwamba hizo ndizo habari, na mwenyeji akitaka anaweza kuuliza maswali. Hakuuliza.

Nilipita kwa alama za kupitia tu, hakuna ya ziada. Siku ya kufunga muhula alinikuta kwenye ujia nikiwa na sanduku langu. Nilidhani atapita. Akasimama. "Unaona?" alisema. "Nilikuambia ujifunze kunyamaza, na sasa umeweza kuzungumza. Utanishukuru." Akaenda zake, shati jeupe limefungwa hadi kooni. Ukatili wa mtu unaweza kukuumiza, na bado ukaja kudaiwa kwamba ulikuwa zawadi, na hilo la pili ndilo lililonichukua miaka mingi kulitoa mwilini. Mwaka wa pili Mumbua aliomba chumba kingine akapewa. Alichukua blanketi lake. Misumari ilibaki.

Nimefundisha Kiswahili Kajiado sehemu kubwa ya maisha yangu. Kuna wanaosema kwamba nilivumilia, ndiyo maana nikafika, kwa hiyo uvumilivu hufundisha. Nawasikiliza kwa upole, kisha nawaeleza: nilifika nikiwa nimekosa mwaka mzima wa kusikia. Kwenye darasa langu, siku ya kwanza, nawaambia wanafunzi waniitikie. Wale wa mjini hucheka. Wale wa kwetu huinua macho. Nawaambia kila mmoja aniitikie kwa namna ya kwao, na kama kwao hunyamaza, basi anyamaze kwa adabu ya kwao, ila anijulishe ili nisimdhanie amekufa. Kiswahili hakijawahi kuharibika kwa sababu ya hilo.

Sasa turudi mezani kwa Mumbua. "Basi nikaingia," alikuwa akisema, na wenzetu wamesogeza viti. "Mzee amekaa hivi, na kalamu yake. Nikamwangalia macho kwa macho, nikamwaga Kiswahili kama maji ya bomba! Alibaki mdomo wazi. Si ndio, Nashipae? Tulikuwa na wewe."

Nilimtazama.

"Akaniambia, 'Msichana, wewe utafika mbali.' Si ndio?" Alicheka, akaniangalia tena. Nilikuwa nimekunja mikono mapajani. Mtu mmoja akaacha kutafuna. Mumbua akaendelea kidogo, kuhusu mada, kuhusu safari, lakini kila alipofika mahali pa kupumua macho yake yalikuja kwangu, na kila yalipokuja yalirudi matupu. Hatimaye alisimama katikati ya sentensi, akaanza kukunja na kukunjua kile kitambaa cha chapati.

"Nashipae," alisema kwa sauti ya chini, "si uitikie hata kidogo."

"Endelea," nikamwambia. "Nasikiliza."

Niliona kidevu chake, cha mwanamke mzima sasa, kikitetemeka kama siku ile. Mwalimu mkuu mbele ya wageni wake. Angeweza kuleta soda na kubadilisha mazungumzo, na sote tungemsaidia.

"Haikuwa kama maji," alisema. "Nilikuwa nimesahau hata nilikotoka."

"Ee," nikasema.

Mabega yake yakashuka. "Huyu ndiye alinitoa. Musyimi akampiga zero kwa hiyo."

"Ee."

"Akaniomba niende naye kwa mwalimu. Nikamwambia pole. Nikafunga blanketi."

"Ee."

Hakuna aliyekuwa akila. Mumbua alikuwa ameweka kitambaa chini, na sasa alikuwa ananiangalia mimi peke yangu, kana kwamba wengine wamekwisha kuondoka. "Na zile siku ulikuwa unaongea na lile blanketi," alisema. "Unajua ile redio nilikuwa siisikilizi? Nilikuwa nasikia yote."

Nilikuwa na swali hapo, moja tu, nililolibeba tangu nilipokuwa msichana: kwa nini hakuitikia. Sikumwuliza. Alikuwa bado hajamaliza.

"Ee," nikamwambia.